Blauzi ya Alhamisi

Ha Lerata, Quthing
12 Septemba 2016

Mwanangu Selloane,

Pokea upendo wa Kristo kutoka nyumbani. Mimi sijambo, isipokuwa tumbo ni lile lile. Natumaini wewe na mzigo wako hamjambo, na kwamba hospitali haikusimamishi zamu nzima.

Nampa barua dereva wa basi kwa sababu kwenye simu ningelia. Alhamisi, kwenye ibada yetu ya akina mama, wamenivua blauzi ya umoja wetu wa kanisa. Ulipokuja kumzika mjomba wako, akina mama waliliona tumbo lako, nawe huna mume. Kanuni unaijua: binti akipata mimba nje ya ndoa, mama yake anaiweka blauzi mezani, anahamia benchi la nyuma, hashiriki Meza ya Bwana, mpaka binti aje apige magoti na kuungama. Miaka ishirini na sita nimeivaa nyekundu ile. Mimi mwenyewe nimewahi kuwavua wenzangu, wala sikujua inauma namna hii. Mama Thakane, mwenyekiti wetu, hakunitazama usoni. Mwinjilisti Molefi peke yake ndiye aliyenionea huruma. Aliipokea blauzi, akaikunja polepole, machozi yakimlengalenga.

Njoo uyamalize, mwanangu. Ni dakika tano tu.

Mama yako

Bloemfontein
3 Oktoba 2016

Mama mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi mzima, ila miguu imevimba hadi viatu vya kazi vimegoma. Tumbo lako linanitia wasiwasi. Nenda hospitali ya Quthing mjini wakupige picha, usiridhike na vidonge vya dukani.

Mama, nina miaka thelathini na minne. Kila siku nazalisha wanawake, nakata vitovu vya watoto ambao kwenye fomu zao hakuna jina la baba, na sijaona hata mmoja aliyezaliwa na muhuri wa hasira ya Mungu usoni. Leo Mama Thakane, ambaye mwanawe ana watoto watatu kwa mama watatu, ndiye wa kukuvua wewe? Yeye nani alimvua? Kumbe dhambi ya mtoto wa kiume haina mama! Ninavyosoma Injili, Yesu alimwambia yule mwanamke aliyefumaniwa aende zake. Ninyi mnamrudisha apige magoti.

Sitakuja. Mungu hayumo kwenye blauzi. Na tafadhali usinitajie tena huyo Molefi.

Binti yako

Ha Lerata
27 Novemba 2016

Mwanangu Selloane,

Salamu kwa jina la Bwana, aliye mvumilivu kuliko mimi. Huku mvua imenyesha na mahindi yamechipua. Wewe siku zako zimekaribia, kula vizuri, uache ile mikate mikavu ya kazini.

Maneno unayo, ndiyo maana tulikusomesha. Unasema Mungu hayumo kwenye blauzi. Pengine. Lakini mimi humo ndimo nilimomkuta. Baba yako alipoletwa kutoka mgodini kwenye sanduku lililopigwa misumari, wanawake wa blauzi nyekundu ndio waliokaa nami kwenye godoro siku tisa. Walinilisha uji kwa kijiko. Kama ile haikuwa sura ya Mungu, basi mimi sijawahi kumwona.

Picha nimepigwa. Kitu kilichomo tumboni kimeshika ini. Daktari hakuzungukazunguka, alisema nisitegemee kuuona msimu mwingine wa theluji baada ya huu ujao. Na wewe unajua aliyevuliwa hazikwi na kanisa. Kengele haipigwi. Jeneza haliingii mlangoni. Mama Likeleli alizikwa hivyo mwaka jana. Majirani waliimba mpaka wakachoka, na mchungaji akapita barabarani na farasi wake bila kusimama. Selloane, nilikuwa nimesimama pale na blauzi yangu na sikuimba, kwa sababu ilikatazwa.

Molefi huja kila Jumanne kunisomea Zaburi. Anasema ukija atakuwekea mikono yeye mwenyewe, iwe kwa upole. Umemchukia kwa lipi? Si ndiye aliyekuwa akikuletea matunda yangu ya pichi niliyoyakausha kila alipokuja huko kwenye mikutano?

Mama yako

Bloemfontein
9 Januari 2017

Mama mpenzi,

Nakuamkia. Pole kwa maumivu. Nimekutumia dawa kwa mkono wa dereva. Kidonge cheupe ni cha maumivu makali, usikionee huruma.

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na nne Desemba. Ni wa kike, ana afya, analia kama ana kesi. Sikukutumia picha kwa sababu ya masikio yake. Yamechongoka juu, na wewe ungeyatambua.

Baba yake ni Molefi. Pichi zako ndizo zilizomleta mlangoni kwangu. Alikuja mara ya kwanza, akaomba maji, akaomba tusali. Hakunilazimisha, Mama, nisimsingizie. Nilimpenda. Miaka miwili nilimpikia, akiniambia Mungu anaielewa mioyo yetu. Nilipomwambia nina mimba alisema nisiichafue kazi ya Bwana. Ana mke, ana watoto wanne, na ni yeye aliyeikunja blauzi yako.

Sasa unajua kwa nini siwezi kupiga magoti mbele yake. Ningekuja kuungama mbele ya Mungu. Lakini pale mbele atakuwa amesimama yeye.

Binti yako

Ha Lerata
19 Februari 2017

Mwanangu,

Nakusalimu. Mbusu mjukuu wangu.

Nimekaa na barua yako wiki tano, halafu nimeichoma. Nakuamini. Masikio yale nayajua, nayaona kila Jumanne.

Nilivaa viatu nikaseme. Nikafika kwenye geti la Mama Thakane, nikarudi. Nikimtaja, watasema nimechanganyikiwa na ugonjwa, nimemzulia mtumishi wa Mungu ili nimsafishe binti yangu. Mchungaji hafiki kabla ya Juni, na Juni sijui kama nitaiona. Anayezika ni Molefi.

Kwa hiyo njoo. Piga magoti. Wakikuuliza baba wa mtoto, sema humjui. Najua ninachokuomba, najua ni uongo mbele ya msalaba. Naogopa, Selloane. Naogopa kufukiwa kama mbwa wa barabarani, na naogopa zaidi kwamba Mungu yuko upande wao.

Mama yako

Bloemfontein
6 Machi 2017

Mama,

Salamu. Mtoto hajambo.

Nitakuja Alhamisi tarehe ishirini na tatu. Nitasema ulichoniomba. Mtoto nitamwacha kwa rafiki yangu. Yule mtu hatamwona. Nafanya kwa ajili yako. Si kwa ajili ya Mungu wao, na sijui kama ninaye mwingine.

Usinishukuru.

Binti yako

Ha Lerata
11 Mei 2017

Mwanangu Selloane,

Nakusalimu tena. Hii ni barua ya tatu tangu uondoke. Zile mbili nasema labda dereva alizipoteza. Mimi uji haukai tumboni, naandika nimeegemea mto. Natumaini ninyi wawili ni wazima.

Blauzi wamenirudishia. Mama Thakane mwenyewe alinifunga vifungo, maana vidole vyangu havishiki. Waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Nilingoja ile furaha na haikuja. Kila nikifumba macho niombe, nakuona kwenye sakafu ya saruji, mkono wa Molefi kichwani mwako, akimsihi Mungu akusamehe wewe. Uligeuka ukanitazama. Nafikiri ulikuwa unangoja nisimame nikutoe pale. Hatua nne tu, Selloane. Alipomaliza nilisema amina kwa sauti kuliko wote, wasije wakanishuku.

Tangu siku ile siombi. Midomo inakwenda lakini sisemi na yeyote. Molefi bado anakuja, anasoma, namwambia asante. Wamenihakikishia kengele, wamenichagulia na wimbo. Nafikiri kama Mungu alikuwamo kanisani Alhamisi ile, alikuwa pale chini pamoja nawe, nami nikabaki kwenye benchi.

Sikuiti mazishini. Msamaha nao sina uso wa kuuomba. Niandikie tu kwamba mtoto hajambo, neno moja linatosha. Basi hupita Jumatatu na Ijumaa.

Mama yako

Ha Lerata
19 Mei 2017

Mwanangu,

Basi limepita leo. Dereva anasema hana kitu changu. Nimemwomba atazame tena chini ya kiti.

Mama