Kamba ya Baba na Safari ya Nairobi

Bunia, Shari,
Jumapili, tarehe 17 Agosti 2025

Mpendwa mudogo wangu Fabien,

Mimi dada yako Bibiane nakusalimu zaidi ya karatasi hii inavyoweza kubeba. Weye uko muzima? Patricia wako iko namna gani, ule mugongo wake ulipona? Na Bruce, bado anakataa ugali wa muhogo kama mutoto wa balozi? Mwambie shangazi yake anamungojea huku na mwiko wa sombe, majani ya muhogo, na mwiko ule haupigi chungu peke yake.

Siye tuko, kwa neema ya Mungu. Goti langu la kushoto linaongea mvua ikikaribia, na mwezi huu limeongea sana. Lakini sauti bado ni ile ile. Kwaya ya wamama haianzi wimbo kabla sijafika, na si mimi ninayesema hivyo, ni wao wenyewe.

Nakuandikia kwa mukono kwa sababu kwa simu mutu anasema na lupango yote, toka nyumba mpaka uzio, inasikia. Zamani sikujali. Sasa najali. Barua hii anakuletea Mama Régine, yule muuza vikwembe, vitambaa vya wamama. Kesho anapanda ndege ya Entebbe, kisha basi mpaka kwako Nairobi. Mupe chai, umwache apumuzike, halafu usome ukiwa peke yako.

Neno lenyewe ni safari ya Elysée wetu.

Weye mwenyewe ndiye ulimutumia habari ya yale maonyesho makubwa huko Nairobi, ya watu wanaokusanya franga za zamani, zile pesa za chuma. Sikulaumu. Ulitenda vema, na mutoto alifurahi mpaka akasahau kula, yeye ambaye hajawahi kusahau. Unajua kazi yake ni kutengeneza simu, lakini roho yake iko katika zile franga. Collectionneur, mukusanyaji, ndivyo wanamuita! Mwalimu mmoja wa chuo alikuja mpaka hapa kumuuliza mambo, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, akaandika maneno ya mutoto niliyemuzaa mimi. Nilipita mbele yao mara nyingi, nikijifanya natafuta kisu.

Na si kwa franga moja moja wamemualika. Ni kwa kamba ya baba. Bruce haijui kamba ile, kwa hiyo hapa umusomee.

Bruce, babu yako kule Djugu, kila mutoto akizaliwa katika nyumba yake, alichukua franga moja ya wakati wa Wabelgiji, zile zenye tundu katikati na nyota, akaifunga kwenye kamba ya ngozi. Mutoto mumoja, franga moja, fundo moja. Hakuna anayefungua. Hata mutu akifa, franga yake inabaki kati ya ndugu zake. Baba yako iko pale, mimi niko pale, weye pia uko pale, nilikufunga mwenyewe. Elysée alipozaliwa, mujukuu wa kwanza, babu yako alisema zile ndogo hazimutoshi. Akatafuta ile kubwa ya pembe sita, yenye tembo, akaitoboa na musumari wa moto. Kwa hiyo mutoto wangu ni tembo toka siku ya kwanza.

Fabien, unakumbuka siku tulikimbia vita. Nilitoka na Abigaël mugongoni, Elysée anatembea mbele yangu na miguu yake midogo, na kamba kiunoni chini ya kikwembe. Nyumba ilibaki, ngombe walibaki. Kamba ilifika Bunia.

Sasa wale watu wa Nairobi waliona picha yake. Wakaandika kwamba franga iliyotobolewa na musumari kwao haina bei, lakini kamba nzima, ukoo muzima kwenye ngozi moja, hiyo hawajawahi kuona. Wakamupa meza. Meza, Fabien, na jina lake juu: Elysée, Bunia! Hauzi. Anaonyesha tu, anaeleza. Prudence, musichana ambaye Elysée anataka kumuoa, alimuleta baba yake kuona ile barua ya mwaliko, na muzee yule mugumu alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Njia ndiyo shida. Ndege tuliiuliza bei, ikatujibu vibaya. Inabaki barabara ya Mahagi, kupita kwetu kule Djugu, penye watu wa bunduki. Kila siku watu wanapita, walimu, wauza samaki, na wengi wanafika. Wengi.

Elysée aliniambia: «Mama, bila baraka yako siendi.» Unajua desturi yetu, mama anakunywa maji anamupulizia musafiri kifuani. Niliona fahari. Mwanaume wa miaka makumi mbili na sita, na bado anangoja maji ya kinywa cha mama yake. Nikamuambia nitampulizia asubuhi ya kuondoka, Jumatano hii inayokuja.

Hapo ndipo nilifanya jambo langu.

Nilimuendea katekista Aimé nikaomba nia ya Misa kwa ajili ya safari. Akaniuliza: «Mama, niandike tu kwa musafiri?» Nikamuambia: «Musafiri gani? Musafiri ni mutu yeyote. Andika vizuri, Mungu asikosee mutoto.»

Akaandika vizuri. Jumapili iliyopita, nimevaa ile liputa, kikwembe kizuri ulichonitumia Noeli, kanisa limejaa mpaka milangoni, akasoma kwa maikrofoni: kwa ajili ya Elysée, mutoto wa Mama Bibiane, anayesafiri Jumatano tarehe ishirini, njia ya Mahagi mpaka Nairobi, kuonyesha mbele ya mataifa franga za zamani za babu yake. Vichwa viligeuka vyote. Mama Julien, yule tunayegombania naye nafasi ya mbele ya kwaya, alikunja mudomo kama amemeza limau. Nitasema ukweli: sikusikia tena Misa. Nilikuwa mbinguni na viatu vyangu.

Nje watu walinishika mikono. Kati yao mwanaume mumoja, simujui, wala jirani hawamujui. Mvua ilinyesha toka alfajiri, siye wote tope mpaka magotini, na yeye viatu vyake, bote ndefu mpya, safi, kama amepandwa pale. Akasema kwa heshima nyingi: «Pongezi, mama. Na ile kamba, kijana ataibeba mufukoni ao kiunoni?»

Fabien, nilimujibu. Nilicheka na nikamujibu: «Kiunoni! Kama mimi nilivyoibeba siku ya vita!»

Akashukuru, akaondoka. Njia yote mpaka nyumbani nilikuwa naimba.

Siku iliyofuata dereva wa pikipiki isiyo na namba alisimama kwa Abigaël, pale anauza mikate ya mafuta kwenye njia panda. Hakununua. Akamuuliza: «Kaka yako anapanda gari ya nani Jumatano? Anakaa mbele ao nyuma?» Abigaël si mujinga, ni mutoto wangu. Akamujibu: «Unataka mukate ao unataka kaka yangu? Kaka sikaangi.» Yule akacheka, akawasha pikipiki. Toka siku ile pikipiki ile inapita mbele ya lupango yetu, polepole, bila kumubeba mutu. Imbwa ya jirani, inayobwekea hata padri, ikiiona inaingia chini ya benchi ya mlangoni.

Nikashusha kamba pale inapotundikwa, nikaipitisha kwa vidole kama rozari. Nilipofika kwa tembo, ngozi imelika, imebaki uzi mwembamba.

Unakumbuka fundo la kaka yetu Paul. Lililegea wiki ile, mama akalikaza, akasema ni panya. Paul akaondoka kwa Mahagi na mifuko yake ya maharagi, na mupaka leo tunaye kwenye kamba tu. Mimi ni Mukristu, ninapokea komunio, siamini vitu vya ngozi na panya. Lakini vidole vyangu vilirudi kwa lile fundo mara tatu, na vidole havisomi katekismu.

Nikamuambia Elysée yote. Bote, pikipiki, ngozi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Mama, kama tunangoja barabara ipone, tutazeeka hapa tumekaa. Meza ile itabaki tupu, jina langu juu yake.» Hakupaza sauti. Angepaza, ningemushinda, unanijua. Nikamuambia basi aende bila kamba. Akaniuliza: «Niende kuonyesha nini, mama? Kiuno changu?»

Na hata akienda mikono mitupu, wale wanaomuvizia hawajui. Wao wanajua ya kiunoni. Niliwaambia mimi.

Nimefikiri sana. Nikaona kwamba neno lililotokea kanisani linaweza kuuawa kanisani tu. Asubuhi ya leo, kabla ya Misa, nilimuendea tena Aimé nikamuomba asome tangazo. Akaliangalia, akaniangalia: «Mama Bibiane, hii ni kweli?» Nikamuambia: «Soma tu. Uongo ni wangu, nitamupelekea padri mwenyewe.»

Akasoma. Mama Bibiane anawajulisha wakristu wote kwamba zile franga zilipimwa, zikaonekana si kitu, ni chuma tu. Safari ya Nairobi haiko tena.

Nyuma yangu ikatoka sauti ya Mama Julien, si ya chini: «Yoo! Tembo amekuwa panya!» Kanisa likacheka, Fabien. Hata watoto wa altare. Mimi Bibiane, ambaye sijawahi kuchekwa hata siku nimeanguka na ndoo ya maji mbele ya askofu, nilikaa nikiangalia musalaba, jasho linateremuka ndani ya liputa yako. Nilisema moyoni, cheka, mama, cheka sana, upeleke kicheko kila lupango mpaka kifike kwa mwenye bote.

Elysée alikuwa kwenye benchi ya mbele, kati ya Prudence na baba yake. Sikumuambia kabla. Angenikataza. Yule muzee hakucheka. Alimuangalia kijana kama mutu anayeangalia mbuzi aliyemulipia na kumukuta kilema. Elysée akasimama, akatoka kwa mulango wa upande, hakukimbia. Kamba ya babu yake, franga ya Paul, yangu, ya weye, zote si kitu, na ni mama yake amesema mbele ya mataifa.

Nilivumilia. Nikajiambia, aibu inapona. Ndipo nikageuka kumutafuta mwenye bote. Nilitafuta benchi kwa benchi, nikatafuta milangoni, nikatoka nikatafuta nje chini ya mvua. Hakuwako. Nimejipaka tope mbele ya parokia yote kwa ajili ya masikio ya mutu mumoja, na masikio yale hayakuja Misa.

Sasa ni mchana. Mvua imenyamaza. Elysée iko uani, anapaka viatu rangi. Nimemupelekea chakula, amesema asante. Hakunigombeza. Kwa wiki nzima aliniuliza kila asubuhi, mama, maji yako tayari? Leo hajaniuliza. Angenigombeza nisingeogopa hivi.

Kwa hiyo sikiliza nimekata shauri gani. Sitamupulizia maji. Kinywa changu kimesema mengi mwezi huu, hili hakitasema. Na kamba nimeivaa mimi, kiunoni, chini ya kikwembe, kama siku ile. Imekuwa fupi, ao mimi nimenenepa na chakula changu kizuri. Ninapoandika nasikia tembo ananibana ubavuni. Anayeitaka aje kwa mwenye kuivaa. Nililala nayo msituni, ninajua kulala nayo.

Waambie wale wa maonyesho wampe mutu mwingine ile meza. Waambie kwa adabu. Usiwaambie kwamba franga si kitu. Hapo hapana, hapo siwezi. Waambie ni kitu sana, ila mwenyewe amezuiwa na mama yake.

Nilitaka kumaliza kwa kusema usimungojee. Lakini nimemuona kupitia dirisha akiingiza shati nyeupe katika mufuko wa safari, ile ya picha ya chuo. Fabien, mudogo wangu, Ijumaa jioni wende kituo cha basi. Wende tu. Ukimuona anashuka, hata mikono mitupu, usimugombeze, mupe maji ya kuoga, mulaze, halafu unipigie simu useme kwa sauti kubwa, Shari yote isikie. Usipomuona, nipigie pia. Nikikuambia amelala hapa, umushukuru Mungu. Nikichelewa kupokea, ungoje, usikate.

Salimia Patricia, mugongo wake nauweka katika rozari yangu. Salimia Bruce, franga yake iko salama, ni ya tatu kutoka tembo. Abigaël anawasalimu, ananiambia niandike kwamba mikate yake sasa ni mikubwa kuliko yangu, jambo ambalo halijathibitishwa. Mungu aliyetutoa Djugu kwa miguu akufunike weye na nyumba yako, na afunike kila barabara inayotoka hapa Jumatano.

Wako akupendaye, aliyekufundisha kutembea,

Dada yako Bibiane,
mama ya Elysée