Simu Zilizolala Malambo

Jumatatu, 2 Juni

Ukungu tena Karatu. Chai, kisha meseji za zahanati. Kazi yangu kwenye mradi huu ni maneno tu: kuwakumbusha kina mama siku zao za kliniki kwa Kiswahili kinachosomeka. Ya sindano ya uzazi wa mpango nimeiandika upya mara kadhaa. Fupi, safi, na inanichefua. Ina jina la mama na jina la sindano.

Nilimuuliza Elibariki, fundi wetu wa programu, nani mwingine ataisoma. "Mambo ya faragha tutaongeza tukishazindua, mama." Nikamfokea. Faragha si rangi, upake nyumba ikishaisha. Ni msingi. Nimesoma vitabu vingi kuhusu serikali na wapelelezi wao. Hakuna kilichonikasirisha kama hilo "tutaongeza".

Jumatano, 4 Juni

Malambo, kijiji cha wafugaji. Tulipita ukingo wa kreta, lile shimo la volkano ya kale, ndani ya wingu. Gari kama linaelea, miti inakuja na kuondoka bila kuaga. Kisha tukateremka kwenye jua na vumbi, mimi bado niko winguni.

Dukani kuna sola. Simu za watu wa maboma zimelala kwenye rafu zikichajiwa, moja inawaka, inazimika, kama inaota. Meseji ikiingia, mwenye duka anaisoma kwa sauti, na aliyepo kwenye benchi anapeleka habari bomani. "Nawasaidia, mama. Wengi hawakusoma."

Mtu mwema kabisa. Nikaifikiria meseji yangu ya sindano ikisomwa hapo.

Alhamisi, 5 Juni

Naserian, mama wa watoto watano, alinifuata nyuma ya zahanati. Uzazi wa mwisho nusura umuue. Mume anataka mtoto mwingine. Hajui kwamba mkewe anachomwa sindano. Nesi ameingiza namba ya simu ya mume, kwa sababu mfumo unagoma kuendelea bila namba. Meseji inatoka yenyewe kesho asubuhi.

"Ikisomwa pale dukani, narudishwa kwetu. Watoto wanabaki kwake."

Nilipanda kilima kutafuta mtandao, nikampigia Elibariki azuie meseji. Akasema wafadhili wanakuja kesho kuona uzinduzi. Na kwamba mimi ni mwandishi, si mhandisi.

"Mama yako kule Rombo, simu yake inachajiwa wapi?" nikamuuliza.



"Kwa jirani," akasema. "Ndiye anayemsomea." Kisha: "Haya, unatakaje, mama?"

Nikamwambia. Namba isiwe lazima. Jina lisitoke kamwe. Mfumo usiseme mpaka uulizwe: mama apige mwenyewe, kwa simu yoyote, kwa namba yake ya siri, asikie tarehe yake. Hayo yaandikwe kwanza. Mengine yote yajengwe juu yake.

Ijumaa, 6 Juni

Elibariki amezima meseji zote za mradi. Nilikaa kwenye benchi la duka tangu asubuhi, macho kwenye rafu. Simu ziliwaka. Habari za mbuzi, za harusi, za mvua ya Wasso. Ya Naserian haikuja.

Wafadhili hawakuona uzinduzi, wamenuna. Elibariki aliwaeleza mwenyewe, bila kunitaja. Nilikuwa na hotuba kali tayari, sikupata wa kumrushia. Imeniuma kidogo.

Jumapili, 8 Juni

Upepo mwepesi. Wanawake walirudi na punda kutoka bombani, madumu yakigongana. Naserian alikuwa katikati yao, anacheka na mwenzake. Nilisimama kando ya njia. Alinipita bila kunitazama, kama hatujawahi kuonana, na ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Nikabaki pale mpaka vumbi lao likatua.