Mabua ya Shimo la Simeoni

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimerudi kutoka semina Dodoma. Siku tatu, chai na sambusa mara mbili kwa siku. Sasa mimi ni mtaalamu wa kuvundika mabua yawe chakula cha ng'ombe – cheti kinasema hivyo! Wageni wa mradi watakuja hapa Kinyangiri tarehe 10 Julai. Lazima wakute shimo la mfano. Bosi kanidokeza: shimo likipendeza, cheo kinapanda.

Jumatano, 4 Juni
Tumechimba shimo kwa mfugaji Simeoni. Mabua ya mtama, makavu, marefu kama mkono. Tumeyatupia shimoni, tukafunika turubai, tukapiga picha. Jirani yake, mama Loyce, akauliza mbona hatuyakati vipande wala kuyalowanisha – hewa itabaki humo, si yataoza? Nikamwambia maswali mwishoni. Mwishoni tukala pilau.

Ijumaa, 6 Juni
Nimepita kwa mama Loyce. Anakata mabua saizi ya kidole, anayanyunyizia maji yenye molasi ya miwa, anakamua kiganjani – yakishikana bila kuchuruzika, yanaingia kwenye pipa. Kisha anayashindilia kwa miguu. Nikamwamkia, nikamuuliza kajifunza wapi.
"Kwenye kijitabu ulichotugawia, bwana mifugo. Ukurasa wa sita."
Nikasema vizuri, ila huo si utaratibu wetu. Nyumbani nikafungua ukurasa wa sita. Kumbe upo! Nimewaza kufukua la Simeoni tuanze upya. Lakini picha zimeshafika wilayani.

Jumapili, 6 Julai
Tumefunua. Harufu – Mungu wangu! Ukungu mweusi, ukungu mweupe. Simeoni akanitazama. Nikasema huo mweupe ndiyo lishe yenyewe. Sijui nimeyatoa wapi maneno hayo. Ng'ombe wake ni mmoja tu, ana mimba. Kanusa, kageuka. Simeoni akamchanganyia pumba na chumvi mpaka akala. Mfugaji msikivu sana.

Jumatano, 9 Julai
Ng'ombe wa Simeoni hasimami. Anaharisha tangu juzi. Nimemchoma sindano. Simeoni kashika taa ya simu, anasema, "Bahati tuna mtaalamu." Nilitaka kumwambia ni yale mabua. Mdomo ukasema hali ya hewa.
Nikaenda kwa mama Loyce. Pipa lake linanukia kama uji wa togwa! Ng'ombe wake wanasukumana kuyagombea mabua. Nikamwomba magunia mawili ya mabua yake tutandaze juu ya shimo, kwa ajili ya wageni tu. Akasema: "Chukua. Lakini kesho na mimi nitasema neno."
Neno gani?

Alhamisi, 10 Julai
Wageni wamefika. Wamechota, wamenusa, wamepiga makofi! Mmoja kasema natakiwa nizunguke mikoa mingine kufundisha. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimekaa nyuma ya gari sasa, najifanya naandika taarifa.
Tatizo – wanataka kumwona ng'ombe aliyekula mabua hayo. Simeoni, bila kinyongo chochote: "Karibuni nyuma ya nyumba. Amelala tu, siku ya tatu hii. Mtaalamu mwenyewe ndiye anamhudumia."
Makofi yamekatika. Wageni wanatazamana.
Mama Loyce kaomba kipaza sauti. Kapewa. Ananitafuta kwa macho. Kaniona. "Bwana mifugo, ng'ombe wa Simeoni alikula nini?" Kipaza sauti anakinyooshea huku kwangu –