Madaftari Mawili ya Dawa

Nagoya,
2 Desemba.

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi ziwafikie wewe na Baba hapo nyumbani, ambapo najua baridi imeshaanza kuuma na kila asubuhi mnagombania upande wenye joto wa ile meza yenye blanketi na hita chini yake. Magoti yako yanaendeleaje? Ile mikanda niliyokutumia unaivaa, au umeihifadhi kabatini kama kawaida yako ikisubiri siku ya maana? Na Baba je, presha yake bado anaitangaza mezani kama matokeo ya uchaguzi? Yale matunda ya persimoni tuliyomenya na kuyaanika natumaini yamekauka vizuri na ndege hawajayawahi. Mimi huku sijambo. Mgongo umepona, nimerudi jikoni shuleni, na watoto mia sita wanaendelea kulalamika kwamba samaki ana miiba.

Mama, simu yako ya Jumapili iliyopita niliisikia neno kwa neno, ingawa nilikujibu "ndiyo, ndiyo" mpaka ukakata. Ulisema tarehe tatu Januari akina Orihara wanakuja kwetu rasmi kwa ajili ya uchumba wa Shunpei na Chigusa, kwamba mdogo wangu ana miaka thelathini na minne na nafasi kama hii hairudi. Ukasema kati ya sasa na siku hiyo niwe nimeachana kabisa na "zile dawa zako", ninywe chai ya maua ya njano uliyonitumia, na mtu akiniuliza kwa nini nililazwa mwezi uliopita, niseme ni uchovu wa kumenya persimoni. Ukamalizia kwamba kama siwezi, basi ni heri nibaki Nagoya siku hiyo na wewe utasema nina zamu. Zamu gani, Mama, shule zikiwa zimefungwa?

Sikukujibu kwa simu kwa sababu kwenye simu unanishinda. Ukianza kuvuta pumzi kwa huzuni, mimi nakuwa na miaka saba. Kwa hiyo nimeandika, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Nianze na jambo ambalo hatujawahi kulizungumza tukiwa tumekaa. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nalia nikikata kabichi. Kitunguu kingekuwa na kisingizio, lakini kabichi haimlizi mtu. Nilikuwa naamka nimechoka, naoga kwa kujilazimisha, na siku moja nilisimama mbele ya sufuria la wali nikashindwa kukumbuka kinachofuata, kazi niliyoifanya miaka kumi na tatu. Daktari akaniambia ni sonona, akanipa dawa, na akanieleza mapema kwamba haitafanya kazi kwa siku moja wala mbili, nivumilie wiki kadhaa, na nikizidiwa na mawazo mabaya nimpigie bila kungoja miadi. Wiki ya kwanza ilinipa kichefuchefu tu. Wiki ya tano nilijikuta namcheka mtoto mmoja aliyeficha karoti kwenye soksi. Nilicheka, Mama! Nilikaa chini kwenye gunia la mchele nikacheka peke yangu.

Nilipokueleza, hukunikasirikia. Ulienda dukani, ukarudi na daftari jipya la dawa, kama lile tunalomwonyesha kila mfamasia kabla hajatupa dawa, lenye sungura kwenye jalada. Ukaniambia kuanzia leo ninayo mawili. Lile la zamani, ambamo wafamasia wa Nagoya wanabandika karatasi za dawa za sonona, libaki Nagoya. Hili la sungura ndilo la hapa kwetu, liwe safi, kwa sababu duka la dawa ni moja tu na mwenye duka ni Bi. Orihara, na wakati huo Shunpei alikuwa tayari anamzungukazunguka Chigusa binti yake. Tulicheka wote wawili. Nililiona kama werevu wa mama yangu. Na niliwajua wanawake wawili zaidi kazini kwetu wanaofanya hivyohivyo, kwa hiyo sikuona ajabu.

Ule mwaka wa kwanza nilipokuja kwa sikukuu ya wahenga, niliacha dawa Nagoya kabisa ili usizione kwenye begi. Siku nne. Unakumbuka ulivyonisema kwamba nimekuwa mvivu na nakasirika ovyo? Kila nikigeuza shingo nilisikia kama umeme mdogo unapita kichwani, na sakafu ilikuwa inaniyumbia. Niliporudi, daktari alinifokea kwa adabu, kama wanavyofoka madaktari wetu, akasema dawa hii haikatwi kama uzi. Hupunguzwa polepole, kwa wiki na miezi, yeye akiwa anaangalia, na siku nikisahau kidonge nisimeze viwili kufidia. Tangu hapo nilikuwa nazibeba pamoja na daftari lake la Nagoya, ila ndani ya soksi za baridi, chini kabisa ya begi.

Sasa tuje Novemba. Nilikuja kuwasaidia kumenya, nikainua kreti nisiyostahili kuinua, mgongo ukalia ko! Ulinipeleka zahanati mwenyewe. Pale mlangoni, mashine ya kadi ya bima iliniuliza kama nakubali daktari aone dawa nilizokwisha kuandikiwa. Kabla sijainua mkono, wewe ulinyoosha kidole chako ukabonyeza "sikubali". Daktari akaniuliza kama kuna dawa ninayotumia, nikasema hakuna. Akaniandikia dawa kali ya maumivu. Dukani Bi. Orihara alifungua lile daftari la sungura, akakuta karatasi moja tu ya jino la mwaka juzi, akainua macho akaniuliza taratibu, tena mara mbili, kama sina dawa nyingine yoyote, hata ya usingizi, hata ya kununua tu dukani. Nilifungua mdomo. Wewe ukawahi kujibu, ukamwambia huyu ni mzima kama farasi, tangu utoto hajui kidonge.

Kesho yake mchana nilianza kutetemeka. Nilidhani ni baridi, kumbe jasho linanitiririka mpaka soksi. Miguu ilikuwa inarukaruka yenyewe, moyo unakwenda mbio, tumbo limevurugika, na wewe ukinisemesha nilikuwa nakuona unapanua mdomo tu. Gari la wagonjwa lilipofika, walikuomba daftari langu la dawa. Ukaingia ndani, ukatoka nalo. La sungura.

Nimelifikiria jambo hili kila siku kwa wiki tatu. Lile la kweli, la Nagoya, lilikuwa kwenye begi langu na ulijua lilipo, kwa sababu ulikuwa umelikunja mwenyewe ndani ya sweta siku niliyofika. Sisemi ulitaka nife. Najua ulikuwa unalia ukinifunga viatu. Lakini hata wakati ule, mkono wako ulichukua lile safi.

Hospitalini yule daktari kijana alikuwa anageuza karatasi moja ile, anauliza amekula nini, amegusa dawa ya kuulia wadudu, ana kifafa? Nawe unasema amechoka tu, amechoka tu, anafanya kazi sana huko mjini. Nikayabana meno yangu yaliyokuwa yanagongana, nikamwambia kuna daftari la pili. Sikumbuki sauti yangu, yeye ndiye aliyeniambia baadaye kwamba nilipiga kelele mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. Nikamtajia jina la dawa yangu, na kwamba nakunywa kidonge kimoja kila siku baada ya chakula cha mchana. Alibadilika uso. Akasema dawa ile ya maumivu na dawa yangu zikikutana mwilini zinaweza kumuua mtu, akasimamisha zote mbili papo hapo, akaniwekea maji na dawa ya kutuliza. Siku ya tatu nikatembea. Baadaye daktari wangu akanirudishia dawa yangu kwa mpango, chini ya macho yake. Kosa halikuwa la dawa yangu, Mama. Dawa yangu ilifanya kazi yake miaka miwili bila kunidhuru. Kilichotaka kuniua ni usafi wa lile daftari.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera kuliko yote. Nikiwa bado kitandani, Bi. Orihara alikuja nyumbani kwetu na boksi la keki. Shunpei ndiye aliyenisimulia. Anasema mama wa mchumba wake alisimama getini akainama mpaka nywele zikakaribia kugusa changarawe, akaomba radhi kwamba dawa iliyotoka mkononi mwake imemdhuru binti wa watu, kwamba hajui alikosea wapi lakini hakika alikosea. Wewe ukaipokea radhi yake. Ukamwambia haya mambo hutokea, asijali. Keki mkala na chai, na Shunpei anasema zilikuwa za maharagwe mekundu na Baba alikula mbili. Mama, yule mwanamke aliuliza kila alichopaswa kuuliza! Aliuliza mara mbili! Sisi ndio tuliomdanganya, kisha tukala keki zake.

Na mimi nina la kukiri, maana nisije nikajifanya malaika. Pale dukani uliposema mimi ni mzima kama farasi, sikunyamaza kwa sababu nakuogopa. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Kwa dakika moja nilikuwa yule binti unayemtaka, mbele ya mtu unayetaka akuheshimu, nikaona raha, nikafunga mdomo wangu kwa hiari. Nimekuwa nikijiambia ni wewe, ni wewe, lakini nina miaka thelathini na minane na mdomo ni wangu. Kosa hilo nililibeba nusu, na nusu yangu nimeshaitua.

Jumamosi iliyopita sikuwa na mafua kama nilivyokwambia. Nilipanda basi nikaja huko. Nilishuka kituo cha mbele ili nisipite nyumbani, samahani, nikaingia duka la Bi. Orihara saa nne asubuhi. Palikuwa na wazee wawili wanasubiri dawa zao za macho. Sikuomba tuzungumze pembeni. Niliweka madaftari yote mawili juu ya kaunta, nikamwambia kosa halikuwa lake, nina sonona, natumia dawa, na siku ile tulimficha.

Nilitarajia atanipa pole. Weee! Alinifokea, Mama, na si kwa adabu. Akasema wiki tatu halali, anafungua vitabu vyake anatafuta alipokosea, amefikiria mpaka kufunga duka la marehemu mumewe, kumbe watu wawili wazima walikuwa wanacheza kidali po na uhai wa mtu mbele ya macho yake. Kisha akavuta kiti, akakaa, akasema hata siku ile daftari lile lilimtia shaka, kwa sababu mtu wa umri wangu asiye na hata dawa ya kikohozi ama ni mtakatifu ama anaficha.

Akachukua mkasi. Ile karatasi ya jino akaikata kutoka daftari la sungura, akaibandika kwenye la Nagoya, na chini yake akaandika kwa mkono wake dawa ya maumivu, tarehe, na yaliyonipata. La sungura akalitupa kwenye pipa bila kunitazama. Akaniambia hili moja niende nalo kila mahali, kwa daktari wa meno, kwa daktari wa mgongo, hata nikinunua dawa ya mafua. Nikamwonyesha na ile chai yako ya maua ya njano. Akaisoma pakiti, akatikisa kichwa, akasema ile nayo haikai pamoja na dawa yangu, nisiiguse hata kwa kumfurahisha mtu. Kwa hiyo asante kwa chai, nimeitupa.

Nilimuuliza kama sasa habari ya Shunpei na Chigusa imekufa. Akaniambia yaliyosemwa kwenye kaunta yake hayatoki kinywani mwake, hata kwa binti yake, na kazi hiyo ni yangu nikipenda. Kisha akauliza kama wali wa maharagwe mekundu, ule wa siku za sherehe, una neno na dawa yangu, maana ndio anaokusudia kuja nao. Nikasema hauna neno. Basi akasema tarehe tatu wanakuja, na angependa kumkuta mama yangu, ana maneno naye. Chigusa nilimpigia siku hiyohiyo nikamwambia mwenyewe. Alilia, halafu akaniuliza jina la daktari wangu. Sikumuuliza ni kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo, Mama, hakuna tena cha kumficha mtu, na ile ya zamu usiiseme, watakucheka. Sitaacha dawa kwa ajili ya wageni, wala kwa ajili ya harusi, wala kwa ajili yako ninayekupenda kuliko unavyodhani. Siku daktari wangu atakaposema tupunguze, tutapunguza. Nisaidie kumshukuru Baba kwa blanketi alilonifunika kwenye gari la wagonjwa, na mwambie Shunpei asinunue tai nyekundu, haimfai. Wasalimie majirani wote, na wakiuliza ninaumwa nini, una ruhusa yangu ya kuwaambia.

Tarehe tatu nitakuwepo. Tukimaliza kula, nitatoa kidonge changu nikimeze hapohapo mezani mbele ya wageni. Ukiniletea maji, nitayapokea kwa mikono miwili. Usiponiletea, nitanyanyuka nikachote mwenyewe, kwa maana hiyo ni nyumba yetu na bomba najua lilipo.

Ni mimi binti yako,
Mizue