Sahihi Uliyoniomba

Nyumba Na. 14, Chumba cha 3,
Al Mansoura,
Doha, Qatar.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Rodney,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba koo lililokusumbua tangu mvua zianze limepona. Kama bado, acha soda baridi na uende zahanati, wala usiniambie kwamba unasomea uuguzi na unajijua. Mama mdogo naye anaendeleaje na goti? Nilimwona kwenye video ya harusi ya Emily akicheza kuliko bibi harusi mwenyewe, nikasema ama goti limepona ama amelikataza kuuma.

Mimi sijambo. Joto limetuachia mwezi huu, sasa twaweza kufungua dirisha na kusikia watu wanavyoishi. Kazini wamenihamisha kutoka wodi ya upasuaji hadi kitengo cha figo, na huko wagonjwa ni walewale kila juma, hata wengine wanajua jina la mama yangu. Nimenenepa kidogo. Usimwambie mtu, wataniona nikija.

Ujumbe wako niliupata Jumatatu, nikausoma mara mbili kwenye basi la kazini. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu Shiru, mwenzetu wa tawi la hapa, anasafiri Jumatano na atapitia hapo chuoni, na pia kwa sababu nataka uisome mbele ya Wana-Saba wote, chama chetu cha chuoni, Jumapili baada ya mwito wa majina. Ya simu hujibiwa haraka, halafu hufutwa.

Umeniomba sahihi tu. Umoja wa Wahitimu wa Saba huko Nairobi umewapa hadi mwisho wa mwezi: ama mimi, katibu wa tawi la Doha, niombe radhi na kumwondoa Roselyne kwenye uenyekiti, ama ninyi wanafunzi mnyang'anywe chumba cha Saba kilicho nyuma ya maktaba. Unasema radhi ni maneno, lakini chumba ni chumba. Najua unavyobanwa, kuwa mwenyekiti wa wanafunzi na miaka ishirini na miwili tu. Lakini jibu langu ni hapana, na nitakueleza hapana hiyo imetoka wapi, kwa maana naona walikusimulia nusu.

Roselyne humjui. Nilipofika chuoni mimi, yeye alikuwa mwaka wa tatu, na Saba wakanipa yeye awe mama yangu wa chuo. Ndiye aliyenifundisha mifupa ya mkono kwa kuichora kwa kalamu ya wino juu ya mkono wangu mwenyewe, nikaenda kanisani Sabato ile mkono umejaa majina ya Kilatini na mama akaniuliza kama nimejiunga na wachawi. Nilipoanguka mtihani wa kwanza na kufunga sanduku niende nyumbani, alikalia lile sanduku. Alilikalia tangu chakula cha mchana hadi magharibi, akishona vifungo vya koti lake, mpaka nikachoka kusimama.

Mwaka huohuo baba yake akafariki, na nyuma yake kulikuwa na wadogo watano. Roselyne aliacha masomo ikiwa imebaki mihula miwili amalize. Hakufukuzwa, wala hakufeli.

Wewe unajua utaratibu wa mwito. Jina huitwa, aliyepo husema "Nipo", na asiyekuwepo mtu humwitikia, "Ni wetu." Kwa miaka yote iliyofuata nikiwa hapo jina la Roselyne liliitwa kila Jumapili na mimi nikaliitikia. Hakuna mkutano uliowahi kulifuta. Nataka hilo mlishike vizuri kabla sijaendelea.

Nilipokuja Doha nikamkuta hapa. Anafanya kazi katika nyumba moja huko Umm Salal, ni kadama, kama wafanyakazi wa nyumbani tunavyowaita huku. Siku yake ni Ijumaa, kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Hupanda basi mara mbili ili atufikie. Sisi tuko ishirini na wanne, wauguzi, watu wa kompyuta, walinzi, wa hotelini, na kabla yake tulikuwa kundi la WhatsApp la kutakiana heri ya kuzaliwa.

Kilichobadilisha mambo ni Lenny. Yeye ni mlinzi, alitutangulia chuoni miaka kadhaa, mtu wa vichekesho ambaye hakuweza kukusalimia bila kukutania. Mwaka jana alianguka langoni akiwa kazini. Kiharusi. Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa mzito na maneno yote yamekwenda. Alikuwa anatutazama tu, machozi yanamtoka.

Sisi wauguzi tulilia, tukaleta matunda, tukarudi kwenye zamu zetu. Roselyne ndiye aliyechukua kalamu akapanga nani ataketi na Lenny siku gani, na ole wako usifike, angekupigia akiwa na sauti ya kunong'ona huko jikoni kwa madamu wake. Kwa majuma kumi na moja Lenny hakupitisha siku moja bila mtu wa kwao kando ya kitanda. Na kila Ijumaa Roselyne mwenyewe, Mathe kama tunavyomwita, yaani mama, alikaa pale, akaita mwito. Aliita majina yetu yote moja baada ya jingine, akijiitikia, na alipofika kwa Lenny alinyamaza, akamngoja. Ijumaa ya sita, au ya saba, mimi nilikuwepo. Aliita, akangoja, na Lenny akakunja uso kama mtu anayeinua gunia, akasema, "Ni... po."

Muuguzi wa zamu alikuja mbio akidhani kuna mtu amekufa, kwa kelele tulizopiga.

Basi ulipofika uchaguzi wa tawi, unafikiri tulimchagua nani? Hakuna aliyempinga, tulimrudisha na mwaka huu.

Sasa njoo kwenye habari ya Bwana Wesley, mwenyekiti wa Umoja. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Ndiye aliyehangaika hadi chumba chenu kikapigwa rangi na kuwekewa viti, na tuliposikia atapitia Doha mwezi wa kumi akienda kwenye kongamano, tulifurahi kweli. Tulichukua ukumbi wa ghorofani katika hoteli ya Mhindi mmoja hapo Najma, ambaye tumemfundisha kupika chapati zetu na maharagwe ya nazi. Kina dada walivaa vitenge. Roselyne alifika amebeba keki aliyoioka kwa ruhusa ya madamu, akaketi mbele, mahali pa mwenyekiti.

Bwana Wesley alisalimia watu vizuri, akauliza kila mtu anafanya kazi gani. Alipomfikia Roselyne, Roselyne akamjibu wazi kwamba ni kadama. Mgeni akacheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akamwinamia.

"Dada, samahani. Tutapiga picha ya kijitabu cha Umoja. Hapa mbele tuwaachie viongozi."

Roselyne akachukua mkoba wake, akasimama.

Rodney, na hili nataka mlisikie kutoka kwangu: mimi nilinyamaza. Mama yangu wa chuo amesimama na mkoba mkononi anatafuta kiti cha nyuma, nami naangalia bakuli la kachumbari. Nilikuwa nawaza kijitabu. Nilikuwa nawaza mgeni ametoka mbali, tusimharibie siku. Wenye diploma na digrii ishirini na zaidi tulikuwa ukumbini, na wote tuliangalia vyakula vyetu.

Aliyesema ni Lenny, ambaye hadi leo neno moja humchukua muda wa kumenya chungwa. Alipiga meza kwa mkono wake mzima.

"Mathe... haendi."

Hapo ndipo nilipopata miguu. Nilimwambia Bwana Wesley kwamba aliyesimamishwa ndiye mwenyekiti wetu, nikamweleza aliyomfanyia Lenny. Akashangaa, akanivuta pembeni kwa upole, lakini sauti yake ilisikika kwa kila mtu.

"Kerubo, wewe umesoma. Shika uenyekiti kwenye karatasi tu. Huyu dada aendelee kuwatazama wagonjwa hospitalini, hakuna atakayeumia."

"Ataumia yeye," nikasema. "Na mimi nitakuwa mwizi."

"Umoja ni wa wahitimu. Hakuhitimu."

"Jina lake halijawahi kufutwa Saba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliitikia."

Akaishiwa upole. "Nitawaambia nini wafadhili? Kwamba tawi letu la Ghuba linaongozwa na kadama?"

Mwenye hoteli alisimama mlangoni na sinia. Roselyne alirudi pale mbele, akaketi, akaweka mkoba mapajani.

"Waambie ninaitwa Roselyne Moraa," akasema. "Mkiniondoa kwa kosa, nitaondoka kwa miguu yangu. Mkiniondoa kwa sababu ya kazi yangu, mtanibeba."

Hakuna aliyembeba. Bwana Wesley aliondoka kabla ya chakula, na wanne wetu wakamfuata, Terry akiwa mmoja wao. Sisi tulikula. Keki ilikuwa imeungua kidogo chini, tukaimaliza. Picha tulipiga, Roselyne katikati, Lenny akitoa ulimi.

Baada ya juma moja ndipo barua ya Umoja ikaja: tawi limesimamishwa, cheti kirudishwe, radhi iandikwe. Cheti nilikitoa ukutani siku hiyohiyo nikawatumia, kwa sababu hakikuwa kimemsaidia Lenny hata siku moja. Halafu walipoona sisi hatutishiki, wakawashika ninyi. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu mzima akigombana na mtu mzima mwenzake, haendi kumpokonya mtoto wa mwenziwe kiti.

Roselyne aliposikia habari ya chumba chenu alinipigia. Sauti yake ilikuwa imevunjika kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema wanafunzi wasikose pa kukaa kwa ajili yake, ataandika barua ajiuzulu. Nilimwambia akiandika nitaichana. Nikamwambia nimewahi kunyamaza mara moja, pale Najma, na bado sijajisamehe, asinitie katika ya pili. Akacheka, akasema mimi ni mkaidi tangu mwaka wa kwanza.

Sasa ninyi. Sitaki mdhani tunawatupa. Saba ilianzishwa na watu saba waliokosa bweni, wakapanga nyumba ya mabati ng'ambo ya barabara ambayo mvua ikinyesha hamsikilizani. Hawakuwa na chumba wala viti. Wakifunga mlango ule mwisho wa mwezi, iteni mwito nje, kwenye nyasi, mbele ya dirisha lao, na mwitikie kwa sauti.

Vitabu vilivyo ndani vitoeni mapema kwa adabu, na msivunje kitu. Wale wa mwaka wa mwisho wanaohofia kukosa watu wa kuwaongoza, wawaambie wazazi wao walale usingizi. Sisi wauguzi wa hapa tumekubaliana kuwafundisha kwa simu kila Jumapili yote tuliyokutana nayo kwenye mtihani wa leseni, na Shiru akifika atawaonyesha namna ya kuunganisha. Pamela wa maabara amesema atachukua hata wale wasiomwelewa mwalimu wao. Haya hayahitaji ruhusa ya Nairobi.

Ninyi mtaamua la kwenu. Mkiona afadhali mwandike kwamba Doha si wenu tena ili mbaki na chumba, sitakasirika, nitaendelea kukupenda na kukuuliza koo lako. Lakini msinitume mimi kuandika hivyo.

Ijumaa iliyopita tulikutana tena, palepale Najma, hatuna cheti wala mgeni. Terry alirudi. Alisimama mlangoni akiwa hajui aweke wapi mikono, na Roselyne akasogea kwenye benchi, akamwekea sahani, akamuuliza kama amekula. Hakumwuliza lingine.

Siku hiyo tukawaandikia Umoja. Niliandika mimi, ikatoka sentensi moja: "Mwenyekiti wa tawi la Doha ni Roselyne Moraa." Yeye mwenyewe alikataa kutia sahihi katika jambo linalomhusu, lakini wengine tulitia wote tuliokuwepo, na Terry naye akaomba kalamu. Lenny aliandika kwa mkono wa kulia, ule mzito. Alimkatalia mtu yeyote kumshikia karatasi, na herufi zake tano zilijaza mstari mzima.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliniomba sahihi moja, na zimekwenda ishirini.

Nisalimie Mama mdogo na goti lake, Emily na mume wake mpya, na Baba mdogo, mwambie dawa zake nimempa Shiru pamoja na barua hii. Wana-Saba wote wasalimie mmojammoja kwa jina. Mungu awalinde mnapoingia na mnapotoka, na akupe wewe uti wa mgongo kabla ya hekima, maana hekima itakuja.

Ni mimi dada yako akupendaye, na asiyeomba radhi,

Kerubo