Tunda la Muatine Mgongoni

Jumatatu, 5 Julai 1993

Nimelala tena juu ya cherehani. Mchana kweupe, kola ya shati la shule mkononi. Sindano imepita kwenye ukucha. Damu kwenye kitambaa cheupe. Nimeifua haraka kabla mwenyewe hajaja.

Ndoto ni ile ile. Niko mtoni, mchanga mkavu, nachota kwa kibuyu nikitafuta maji. Chini kuna unyevu. Nainama ninuse. Mchanga unateleza polepole, laini kama unga, unanifunika mdomo, halafu pua. Siogopi. Hilo ndilo linaloniudhi nikiamka. Kule chini huwa siogopi kabisa.

Mafundi wenzangu hapa barazani wananiita Mama Usingizi. Nimecheka nao. Nimewachukia kidogo.

Alhamisi, 8 Julai

Siku mbaya. Nilibandika uji, nikaketi kwenye kigoda. Basi, hapo ndipo nilipoishia. Nilipozinduka uji ulikuwa unafurika motoni na Nduku analia. Alijaribu kuepua sufuria mwenyewe. Umemwagikia mguu.

Nduku ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Mwikali; mimi huniita Susu, yaani nyanya. Ana miaka sita. Jina alilopewa ni langu, na kwetu anayepewa jina lako ni wewe uliyezaliwa tena. Kwa hivyo nimejichoma mwenyewe. Lakini anayelia ni yeye.

Heri ningeungua mimi.

Jumapili, 11 Julai

Mwikali amekuja kutoka Sultan Hamud, anakoendesha duka kando ya barabara ya Mombasa. Ameukagua mguu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole, akiangalia chini: "Mama, mimi sikunyimi mtoto. Lakini nitamwachaje na mtu anayelala akipika?"

Shule zikifungwa mwezi ujao atakuja kumchukua. Chumba chake kiko nyuma ya duka, malori yanapita hapo usiku na mchana. Akiwa na wateja itabidi amfungie mtoto ndani. Anajua. Nami najua.

Ana haki. Ndiyo maana nimekasirika.

Jumatano, 14 Julai

Hospitali, hapa Kitui mjini. Kanisani wameniombea nitolewe roho ya uvivu, nikaitikia amina, na usingizi haukusikia. Mficha uchi hazai. Nimekwenda.

Daktari aliuliza ni nani hunisikia nikilala. Nikamwambia mimi ni mjane, hakuna. Nduku alikuwa amekaa sakafuni. Akasema: "Mimi namsikia. Susu anakoroma, alafu ananyamaza kabisa. Mimi namvuta sikio, anarudi."

Daktari aliweka kalamu chini.

Nilidhani anacheza na sikio langu. Nilidhani ni mapenzi tu. Kumbe mtoto huyu ndiye askari wangu wa usiku. Nimeona aibu.

Nimeelezwa. Nikilala koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka, inarudi. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Kwa hivyo silali, natoka na kuingia tu, na mchana unadai chake. Iko mashine ya kusukuma hewa puani, iko ng'ambo, si ya fundi wa baraza. Yanayobaki yako mikononi mwangu: nipungue mwili, nisishibe usiku, niinue kichwa cha kitanda, na nisilale chali kabisa. Alisema wako watu wanaoshona mpira mgongoni mwa nguo ya kulalia.

Kushona. Hapo nilicheka, mara ya kwanza wiki hii.

Jumanne, 20 Julai

Mpira wa matambara: ulibonyea kabla ya alfajiri. Gunzi la mahindi: lilivunjika. Mwili wangu ni gogo, unabingirika chali wenyewe.

Matofali mawili chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa. Nduku anasema tunalala mlimani. Muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, nakula mchana tu. Usiku naisikia harufu yake kwenye sufuria na namwombea msamaha Adamu, ambaye awali sikumwelewa. Maji nayafuata mwenyewe mtoni, kwa mwenye punda sinunui tena.

Huko mtoni, chini ya mti wa muatine, ambao Waswahili huuita mwegea, kulikuwa na matunda yaliyoanguka. Marefu, makavu, mepesi, magumu. Haya ndiyo wapikaji wa pombe ya kienyeji huchachushia. Nimeokota dogo, nikalificha chini ya khanga.

Jumamosi, 24 Julai

Nimelishona. Mfuko mrefu mgongoni mwa gauni, kitambaa cha kaki kilichokunjwa mara mbili, mshono wa kurudia. Siwezi kulala chali hata nikitaka. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu ki nguoni na kinanilinda.

Ndotoni mchanga ulifika kidevuni ukasimama. Nikaona mikono yangu ikichimba. Nimeshona mpaka jioni, sikusinzia.

Jumapili, 1 Agosti

Akina mama wa kanisa walinitembelea baada ya ibada. Gauni lilikuwa juu ya ua likikauka, na mimi mjinga sikuwa nimetoa tunda. Nilikuwa jikoni nikitia majani ya chai. Mama Kalekye, mwenyekiti wao, alilipapasa.

Nilipotoka na sinia wote walikuwa wanalitazama gauni. Waliomba kwa kifupi. Chai yangu hawakuinywa.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeitwa kanisani. Kwamba napika pombe na kuficha vifaa nguoni. Mmoja alisema afadhali iwe pombe kuliko hirizi. Nimewaeleza koo, pumzi, daktari. Walinitazama kama mtu anayeuza mbuzi aliyekufa. Nisikaribie meza ya Bwana mpaka nilichome tunda.

Nimelichoma. Niliogopa watu.

Ijumaa, 6 Agosti

Ndoto nzima imerudi. Mchanga mpaka machoni, na joto lake zuri. Kisha sikio likauma na nikaona kumekucha. Nduku ameketi kando yangu, macho mekundu.

Mwalimu wake amenipata barazani. Anasema mtoto husinzia darasani, hasa leo. Akauliza kama hula vizuri.

Hula vizuri. Tatizo ni kwamba analinda.

Nimefunga cherehani mapema, nikaenda mtoni. Nimeokota jingine, kubwa zaidi, na safari hii nimelibeba mkononi, nikapita nalo katikati ya soko. Mungu ananijua. Mama Kalekye atanijua akipenda.

Jumapili, 8 Agosti

Nimekaa benchi la nyuma. Mkate umenipita. Imeniuma kuliko sindano.

Lakini sikusinzia. Nimeyasikia mahubiri yote, tangu mwanzo. Ni marefu sana.

Jumamosi, 14 Agosti

Mama Kalekye amekuja barazani na sketi ya kutiwa zipu. Zipu ilikuwa nzima. Alisimama, akasifu hali ya hewa, akashikashika vitambaa. Nilimwacha ateseke kidogo.

Mwishowe akainama. "Mama Mwikali, hiyo kitu yako inaweza kuingia kwa pajama ya mwanaume?"

Mumewe ni mzee wa kanisa. Huwa ananyamaza usiku, na yeye mke hukaa akihesabu pumzi. Miaka mingi, hajamwambia mtu. Hasira yangu yote ikaisha hapo, nami nilikuwa nimeitunza vizuri.

Nimemwambia kwanza ampeleke kwa daktari, asikilizwe. Nguo nitashona. Tunda ataokota mwenyewe, mchana, watu wakiona. Akakubali.

Jioni nimepunguza kiuno cha sketi yangu mwenyewe. Ilikuwa inanizunguka.

Jumamosi, 21 Agosti

Mwikali ameingia na mfuko mkubwa, mtupu. Nduku aliuona akaenda kukaa chini ya kitanda.

Sikumbembeleza Mwikali. Nimemwonyesha gauni, matofali, sketi. Kesi si yangu tena. Amesema atalala kwenye mkeka chumbani kwetu, asikilize mwenyewe. Moyo unanienda mbio kama msichana wa mtihani. Sina la kuongeza. Naenda kulala, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa.

Jumapili, 22 Agosti

Nilikuwa mtoni. Mchanga mweupe, hakuna upepo. Nilichota mara moja tu na maji yakaja, baridi, yakajaa polepole mpaka kwenye viwiko. Nikanywa. Kisha nikafungua macho kwa sababu usingizi ulikuwa umeisha.

Jua lilikuwa tayari dirishani. Mwikali alikuwa kwenye mkeka, amelala fofofo, kiatu kimoja mguuni. Alipoamka aliona haya. Alisema alikuwa anangoja ninyamaze, akangoja, akangoja, halafu hajui. Ameutundika mfuko kwenye msumari nyuma ya mlango na kuuliza kama kuna majani ya chai.

Nduku hakusikia hayo. Alikuwa bado amelala, mdomo wazi, mkono wake juu ya sikio langu. Vidole vilikuwa vimelegea. Sikukitikisa kichwa mpaka alipoamka mwenyewe.