Karatasi za Profesa Kwenye Khitma Yako

Dada yangu Zuwena,

Mungu akulaze pema. Mie mzima, goti tu. Nnakuandikia nna hasira, na hasira zangu unazijua.

Mwanao Nassor karudi. Mazishi hakuyawahi, khitma kaiwahi, na kaja na profesa wake, mwanamke wa Bulgaria, kichwani mtandio wa kuazima. Kumbe elimu aliyoifuata huko miaka yote ndiyo hii: kupima imani za watu. Ati saikolojia ya dini! Bibi mwenyewe kanihadithia, Nassor akitafsiri. Enzi za wakomunisti alikuwa akifundisha kuwa dini ni maradhi ya akili. Serikali ikaanguka, makanisa yakajaa, naye chuo kile kile, kiti kile kile, akaanza kufundisha kuwa dini ni dawa. Nikamwuliza, "Na hapo katikati, uliumwa au ulipona?" Nassor hakutafsiri.

Basi tumekaa hapa nyumbani kwako Khuwair, ubani unafuka, juzuu za Kurani zinagawiwa, kila mtu asome yake. Na yeye anagawa karatasi zake za maswali! Bi Thuwaiba, na macho yake yale yasiyoona vyema, kadhani ni juzuu: kapokea karatasi, kaibusu, kaiweka kwenye paji la uso, kasema Bismillahi. Wanawake wakavunjika mbavu ndani ya msiba wako. Ungelikuwepo ungelicheka kuliko sote.

Nikataka nisomewe hayo maswali. "Mungu unamhisi karibu sana, karibu kiasi, au mbali?" Karibu kiasi! Mungu kawa duka la mikate?

Lakini Zuwena, sikiliza. Juzuu zote zimesomwa, imebaki moja, ya Nassor. Nikamwambia, "Msomee mamako." Akanijibu, "Mama Mdogo, leo mie hapa mtafiti." Mtafiti! Mtoto uliyemfundisha alifu kwa kijiti, ukimmegea mkate wa ufuta kila akipatia. Sikumtia kofi kwa ajili ya wageni tu.

Jioni nikamkuta jikoni peke yake, kakishika kikombe chako chenye ufa, kakishika tu. Hana swali hata moja.

Kwa hiyo khitma sijaifunga. Juzuu yake nimeiweka kitandani kwako, juu ya mto. Ijumaa namkalisha hapo asome, akikosea namsahihisha kama weye. Bibi wa Bulgaria atakaa nje na sahani ya halua, ajipime mwenyewe.

Lala, dada yangu. Na mie nnakuja, lakini mwanao asome kwanza.

Mdogo wako,
Salma